Burse ya muziki ng'ambo: tuanze na karatasi



Mwezi huu tumeona vizuri tuongee juu ya jambo ambalo vijana wa korali wanatuuliza karibu kila juma: je, mkimbizi anaweza kuomba ufadhili wa masomo, yaani burse, aende kusoma muziki ng'ambo? Jibu ni ndiyo, anaweza. Lakini kwanza tuwaambie yaliyotupata sisi wenyewe, maana yametufundisha sana.

Mwaka jana kijana mmoja wa korali, mpiga kinanda, aliomba nafasi katika chuo kimoja cha mbali. Video yake tuliirekodi Kigali, Nyamirambo, kwa rafiki mwenye kinanda kizima, kwa sababu hapa kambini mvua ikipiga mabati hakuna kinachosikika. Chuo kikasikiliza, kikampenda, kikaomba vyeti. Hapo ndipo tulipokwama. Kwenye cheti cha shule jina lake limeandikwa na L, kwenye kitambulisho cha mkimbizi limeandikwa na R. Sisi tuliotoka Kivu tunajua kwamba mdomoni ni jina lile lile. Kwenye karatasi ni watu wawili. Tuliomba ruhusa ya kutoka kambini mara nne, tukashuka Nyabugogo mara nne, huku tunaambiwa nendeni, kule tunaambiwa rudini. Jina lilipokuja kurekebishwa, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita wiki tatu. Vidole havikumwangusha. Herufi moja ndiyo iliyomwangusha.

Waliotangulia

Tusidhani muziki si masomo. Mkenya Eric Wainaina aliimba na kikundi cha Five Alive Nairobi miaka ya 1990, kisha akaenda chuo cha Berklee, mji wa Boston, Marekani, akasomea utunzi wa nyimbo na ufundi wa studio. Mganda George Kakoma, aliyetunga wimbo wa taifa wa Uganda, alisomea muziki Uingereza.

Mtasema hao walikuwa na pasipoti. Ni kweli. Basi mtazameni Mighty Popo. Alizaliwa Bujumbura, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Rwanda, akafika Canada, na mwaka 2005 alikuwa katika kundi la African Guitar Summit lililopata tuzo ya Juno. Baadaye alirudi Rwanda akaongoza Shule ya Muziki ya Nyundo, iliyofunguliwa mwaka 2014 huko Rubavu na kuhamia Muhanga. Mtoto wa wakimbizi akawa mkuu wa shule.

Burse zipo za namna nyingi

Wengi wanachanganya. Burse ya DAFI, ambayo serikali ya Ujerumani na HCR waliianza mwaka 1992, ni nzuri sana, lakini kwa kawaida inasomesha mkimbizi katika nchi alipopata hifadhi. Anayetaka kwenda Boston asiitegemee hiyo.

Kwa muziki, mara nyingi burse inatoka kwa chuo chenyewe. Unaomba kwanza nafasi ya kusoma, unapiga mtihani wa muziki, na wakikupenda ndipo wanasema watakusaidia kiasi gani. Hapo muwe macho: kusaidiwa ada siyo kusaidiwa yote. Ulizeni nani analipa chumba, chakula, bima na tiketi ya ndege. Barua ya kukubaliwa bila majibu hayo bado haijamfikisha mtoto popote.

Na ng'ambo si lazima iwe Ulaya au Marekani. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002. Pale wanafundisha taarab, ngoma, udi na kanuni, na Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani. Kwa kijana wetu hiyo nayo ni safari.

Karatasi kabla ya wimbo

Anza mwaka mzima kabla. Tandika mezani kitambulisho, buletini zote za shule, cheti cha kuzaliwa na karatasi ya familia ya HCR. Soma jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa namba kwa namba. Ukiona tofauti, anza kurekebisha siku hiyo hiyo, usingoje chuo kikuulize.

Ya pili ni hati ya kusafiria ya mkimbizi. Mkimbizi hasafiri kwa pasipoti ya nchi aliyoikimbia. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1980, unasema katika kifungu cha 28 kwamba nchi inayompa hifadhi itampa hati yake. Maombi yanapitia uhamiaji, na majibu yanachukua muda. Na nchi iliyotoa hati inaahidi kumpokea tena mwenye hati muda wake ukiwa haujaisha. Basi angalieni sana tarehe ya mwisho ya hati, maana ubalozi nao utaiangalia kabla ya kutoa viza.

Ya tatu ni lugha. Vyuo vya Kiingereza vinataka mtihani wa lugha. Vingine vinakubali ule unaofanywa kwenye kompyuta, wenye bei nafuu. Ukiwa Kigali, maktaba ya umma ya Kacyiru ina utulivu wa kujaza fomu.

Video na mtihani

Rekodi wimbo mzima bila kukata. Uso na mikono vionekane. Kamera ya simu inatosha, ila sauti iwe safi: zima redio, funga mlango, toa watoto nje kwa upole. Vyuo kama Berklee hupenda kusikia wimbo ulioandaa, kisha wanakujaribu kama unaweza kufuatisha kwa sikio, kubuni papo hapo na kusoma noti. Vijana wetu wa korali wana sikio kali, noti ndizo zinawasumbua. Dakika ishirini za noti kila siku zitafaa. Na usiige wimbo wa redio ya kwao. Piga wa kwenu, huo hawajausikia.

Wazazi, tunawasikia

Mama wa kijana huyu alituuliza: «Mwalimu, akienda peke yake, dosye yetu ya kuhamishiwa nchi ya tatu si itavunjika?» Ni swali la haki. Hatukumjibu kwa kubahatisha. Tulienda naye kwa maafisa wa HCR kabla ya kutuma chochote, na ninyi mfanye hivyo hivyo, kwa sababu kila familia ina dosye yake. Mjue tu kwamba HCR inahesabu masomo kuwa mojawapo ya njia halali za mkimbizi kufika nchi nyingine. Mwaka 2019 vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu duniani walikuwa asilimia 3 tu, na lengo ni kufika 15 mwaka 2030.

Jihadharini pia na matapeli. Vyuo vingine vina ada ya maombi kweli, lakini inalipwa kwa chuo chenyewe, na unaweza kuandika kuomba usamehewe. Mtu akikuambia umtumie pesa kwa simu ili «akupangie burse», huyo anataka pesa yako. HCR ina ukurasa wa intaneti wenye orodha ya nafasi zilizokaguliwa. Tazameni huko kwanza.

Mwisho

Kijana wetu anaomba tena mwaka huu. Kukubaliwa hatujui, lakini jina lake sasa ni moja kila mahali. Mama yake ndiye anayetunza bahasha, na ameishonea mfuko wa plastiki isiingie maji.

Jumamosi baada ya mazoezi ya korali tutakuwa darasani. Njooni na vitambulisho na buletini, hata kwa mtoto ambaye bado yuko darasa la nne. Tutakaa pamoja na kalamu, tusome majina herufi kwa herufi.

Tunawatakia mwezi wa amani.