Misuli ya Jicho si kama Misuli ya Mguu

Msomaji aliyepata kupita asubuhi katika mashamba ya chai ya Bomet bila shaka amemwona mchumaji na kikapu chake mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi. Jioni mtu huyo hulalamikia mgongo, mikono na miguu. Ni nadra kumsikia akisema kwamba misuli inayogeuza macho yake imechoka, ingawa macho hayo yameruka kutoka chipukizi hata chipukizi, mara mbili au tatu kila sekunde, tangu alfajiri. Kwa nini?

Misuli hii yote ni ya ukoo mmoja, yaani ile inayotii nia ya mwenyewe, mbali na misuli ya moyo au ya matumbo. Lakini ile ya jicho imeumbwa namna ya peke yake. Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza: minne imenyooka na miwili imelala mshazari. Wa saba huinua kigubiko cha juu. Mmoja katika ile ya mshazari hupita katika kitanzi kilicho karibu na pua, mfano wa kamba ya tanga ipitavyo katika kapi.

Mguu hubeba mwili mzima, na mara nyingine gunia juu yake. Jicho lina uzito wa gramu 7 au 8 tu, wala uzito huo hauzidi. Basi msuli wake hauhitaji nguvu nyingi, bali wepesi na usahihi. Katika shavu la mguu uzi mmoja wa mshipa wa fahamu huweza kuamrisha nyuzi za msuli zaidi ya 1,000 kwa mara moja; katika jicho huamrisha 10 hivi, au pungufu. Nyapara mwenye watu 10 huwapanga vizuri kuliko mwenye watu 1,000. Tena damu nyingi hupita humo, ndiyo sababu misuli hiyo haichoki upesi.

Hata maradhi huitambua tofauti hii. Uko ugonjwa wa kurithi uitwao Duchenne, ambao hudhoofisha misuli ya watoto wa kiume hata wasiweze kutembea. Walakini macho yao huendelea kugeuka vyema. Kinyume chake ni miasthenia. Hapo kinga ya mwili wenyewe hushambulia mahali mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, na mara nyingi huanzia machoni. Asubuhi mtu ni mzima. Jioni kigubiko kimeshuka, na mti mmoja huonekana miwili. Wenzake husema ana usingizi au amelewa, na wengine husema amelogwa. Akipumzika jicho hufunguka, naye hudhani amepona. Mtu wa namna hii na aende hospitali yenye idara ya macho, kama ile ya Tenwek karibu na Bomet, aeleze ni saa zipi kigubiko hushuka, maana akifika asubuhi daktari huenda asione kitu. Dawa zipo. Asichelewe, kwani kwa wengine udhaifu hufika kooni na katika misuli ya kuvuta pumzi.

Kigubiko hicho hicho hutoa habari kwa aliyeumwa na nyoka. Sumu ya koboko hulemaza misuli, na mara nyingi macho hulegea kabla ya kifua. Aliyeumwa akianza kushindwa kufumbua macho, asiambiwe alale. Apelekwe hospitali saa ile ile.