Kujifundisha Gitaa la Klasiki bila Mwalimu

Vijana wa kwaya na wanafunzi wa sekondari wanatuuliza: je, mtu aweza kujifundisha mwenyewe gitaa la klasiki, lile la nyuzi laini lipigwalo kwa vidole kwa kufuata noti, ikiwa hakuna mwalimu wala shule ya muziki karibu naye? Swali hili si la mchezo. Gitaa hununuliwa kwa fedha ya jasho, na mkono uliozoea vibaya kwa miaka mitatu ni kazi kubwa kuunyosha. Tena wako waliojilazimisha hata mkono ukauma siku zote, wakaacha kabisa. Basi hatutaki kuwajibu vijana wetu kwa maneno ya kuwafurahisha tu.

Inawezekana. Ushahidi mkubwa ni Andrés Segovia, aliyezaliwa Linares, kusini mwa Hispania, mwaka 1893, akafa Madrid mwaka 1987. Alipokuwa mtoto, watu wa heshima walilihesabu gitaa kuwa chombo cha vilabu vya pombe, na jamaa waliomlea hawakupenda alishike. Hakupata mwalimu wa kumwongoza. Alitafuta karatasi za noti popote zilipopatikana, akajifundisha kuzisoma, akajaribu vidole vyake juu ya nyuzi mpaka karatasi na sauti vikapatana. Alipokuwa kijana wa miaka kama 16 alipiga mbele ya watu mjini Granada. Mwaka 1924 alisikilizwa Paris. Mwaka 1935, mjini humo humo, alipiga kwa gitaa Chaconne ya Bach, kazi kubwa iliyotungwa kwa fidla, ambayo wengi hawakudhani gitaa laweza kuibeba. Mwenyewe alipenda kusema kwamba alikuwa mwalimu na mwanafunzi katika nafsi moja.

Hata hivyo tusidhani kwamba alianza katika giza tupu. Zile karatasi alizozitafuta ziliandikwa na watu, nao walikuwa walimu wake ingawa hawakuketi naye chumbani. Mmoja wao ni Francisco Tárrega, aliyefariki mwaka 1909. Baadaye Segovia alikutana na Miguel Llobet, mwanafunzi wa Tárrega, akajifunza kwake baadhi ya vipande. Mwingine, wa zamani zaidi, ni Fernando Sor, aliyezaliwa Barcelona mwaka 1778. Huyu alifundishwa muziki utotoni katika shule ya waimbaji ya monasteri ya Montserrat, chini ya watawa Wabenedikto, mahali ambapo hata leo wavulana humwimbia Mama Bikira Maria. Wazazi wanaoogopa kwamba gitaa litampeleka mtoto kilabuni wakumbuke jambo hilo.

Sisi wa Kongo twamjua mpiga gitaa mwingine wa vidole, Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alinasa sauti zake mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, na wimbo wake Masanga ukasikika mbali sana na kwao. Kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha kuonyeshea, alitoa sauti ambazo msikilizaji angedhani ni za watu wawili. Muziki wake ulikaa kwanza masikioni na vidoleni. Karatasi ilifuata nyuma, pale mtaalamu David Rycroft alipouandika kwa noti katika jarida African Music, mwaka 1961 na 1962. Gitaa la klasiki hushika njia ya kinyume: karatasi hutangulia, vidole hufuata. Ndipo kijana wetu mwenye sikio jepesi anapokwama. Asikia kipande mara mbili, ashika nusu yake, na nusu iliyobaki aibuni. Katika wimbo wa aina ya Masanga kubuni ni sehemu ya sanaa yenyewe. Katika somo la Sor ni kuruka darasa.

Hana budi, basi, kusoma. Nyuzi sita, kuanzia ule mnene, zaitwa mi, la, re, sol, si, mi. Sauti ya la yapatikana kwa diapasoni, kile chuma kidogo chenye meno mawili, kitoacho mitetemo 440 kwa sekunde. Uzi wa tano ulegezwe au ukazwe mpaka upatane nayo, ukiwa chini yake kwa oktava mbili. Katika vitabu vya noti vidole vya mkono wa kuume vyaandikwa kwa herufi za maneno ya Kihispania: p ni kidole gumba, i ni cha kuonyeshea, m ni cha kati, a ni cha pete. Vile vya mkono wa kushoto vyahesabiwa 1 hadi 4, na gumba hakihesabiwi, kwa sababu kazi yake ni kukaa nyuma ya shingo ya gitaa. Mambo haya yote hufahamika kwa juma moja, na mtu akisha kuyajua hufunguliwa akiba ya miaka zaidi ya 200.

Mkao nao tusiudharau. Keti kwenye ukingo wa kiti, mguu wa kushoto juu ya kigoda kifupi chenye kimo cha sentimeta 15 hivi, gitaa juu ya paja la kushoto, kichwa chake kikipanda kuelekea kimo cha jicho. Mabega yalegee. Ukiona bega la kuume limepanda, umekwisha kuchoka; pumzika.

Kitabu cha kwanza ambacho twakisifu kwa mtu asiye na mwalimu ni mazoezi 120 ya mkono wa kuume ya Mauro Giuliani, yaliyochapishwa Vienna mwaka 1812. Hekima yake ni hii: mkono wa kushoto hushika mapatano mawili tu, la do na la sol, tangu mwanzo hata mwisho. Kwa hiyo mawazo yote hubaki kwa mkono wa kuume, ambao ndio sauti ya mpigaji. Mazoezi 5 kwa mwezi yatosha. Baada yake fuata masomo 25 ya Sor, Opus 60. (Angalia usichanganyikiwe: Matteo Carcassi naye ana masomo 25, nayo pia ni Opus 60, lakini ya Carcassi ni magumu zaidi.) Waandishi hawa wamekufa zamani, na chapa za kale za noti zao zapatikana bila malipo.

Wanaoanza hugombana sana juu ya kucha. Sor hakupiga kwa kucha. Rafiki yake Dionisio Aguado alipiga kwa kucha. Na wote wawili walikuwa mabingwa. Segovia alitumia nyama na ukucha pamoja. Shauri letu ni kuacha ukucha uzidi ncha ya kidole kidogo tu, kuusawazisha kwa tupa, kisha kuulainisha kwa msasa mwembamba sana. Mwenye kazi ya jembe au ya chuma asihuzunike zikivunjika. Sor angemkaribisha.

Kuhusu nyuzi hatuna mashauri mengi, ila onyo moja. Zamani zilikuwa za utumbo wa wanyama. Tangu miaka ya 1940, kwa kazi ya Albert Augustine wa New York aliyesaidiwa na Segovia, ni za nailoni. Usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki hata kama dukani hakuna nyingine. Mvuto wake ni mkubwa mno. Ubao wa mbele hupinda, na daraja lishikalo nyuzi hung'oka.

Sasa tufikie jambo lililo gumu kuliko yote. Mwalimu hasemi tu “fanya hivi”; yeye husikia kile ambacho mpigaji hasikii. Mpigaji akiwa kazini husikia wimbo anaoutamani, wala si ule unaotoka sandukuni. Segovia alikuwa na sikio kali la kuzaliwa nalo, na si haki kumdai kila kijana awe nalo. Lakini simu ya mkononi yaweza kunasa sauti na picha. Nasa kipande kifupi leo, usikisikilize mpaka kesho, kisha ketini pamoja, wewe na karatasi ya noti, mkisikilize kama kwamba ni cha mtu mwingine. Utasikia uzi uliolia kwa kuguswa bila kukusudia, na mwendo uliokimbia mahali rahisi, ukajikwaa mahali pagumu. Rudia pale pagumu peke yake, polepole kiasi cha kutokosea, mara chache. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zapita saa tatu za Jumamosi. Na maumivu ya kiganja au ya kiwiko si ushujaa: weka gitaa chini siku hiyo, na yakiendelea muone mganga.

Mahali penye wanafunzi wawili, wasijifungie kila mmoja nyumbani kwake. Sor alitunga kazi ya magitaa mawili, akaiita Marafiki Wawili, kwa ajili yake na Aguado. Wetu waanze kwa kidogo: Jumapili baada ya Misa, kitabu kimoja cha Giuliani, mmoja apige zoezi la kwanza, mwenzake atazame bega lake la kuume na kufuata noti kwa kidole, kisha wabadilishane viti.