Kabla Ubonyeze Jina ya Chuo

Msee akipata C+ na portal ya KUCCPS ifunguke, anakimbilianga jina kubwa. UoN. KU. JKUAT. Hata mi niko hapo: chuo kubwa ndio form. Wasee wakiwa maelfu kwa kampo moja, hukosi timu ya raga, kikundi ya kuigiza, CU, ama wale wa dibeti wenye hubishana hadi usiku wa manane. Chuo ndogo ikikosa watu wako, imekosa tu.

Lakini manze, cheki penye kozi inafunziwa, si jina pekee. Unachagua UoN ukijiona ukitesa University Way na ukishuka Moi Avenue kusaka ndula, kumbe kozi yako ni ualimu, na ualimu uko Kikuyu. Daktari wa mifugo naye anapelekwa Upper Kabete, majirani ni ng'ombe. Nyote ni UoN, lakini stori zenu ni tofauti kabisa.

KU iko na mshikamano zaidi. Iko Kahawa, mahali palikuwa kambi ya jeshi kabla ya 1965, na shamba ni kubwa hadi ukichelewa kutoka kwa room utafika klasi umelowa jasho. Culture Week yao ndio noma: kila jamii inavaa, inapika, inacheza ya kwao, na msee wa Kanairo anadishi vitu hajawahi onja. Moi nayo iko Kesses, baridi kali, tao ya Eldoret iko mbali, so raha mnajitengenezea.

Fresha, kama unaweza, lala hosteli. Ndio, room ni ndogo, kuna pirate, msee hana room yake, amelala chini, na roomie akiletewa mgeni unaexiliwa hadi upate pa kujishikilia. Lakini stori zote hupita kwa hiyo korido: nani anauza jiko, nani anagombea kiti, lec gani huchukua register. Msee wa keja ya nje hupata hizo habari zikiwa zimepoa. Loan ya HELB ikiingia, wiki ya kwanza ni kuku, ya pili ni githeri, na hapo ndio unajua ni nani beste.

Na ukienda kuangalia chuo, usiende siku wamepanga mahema na mabango. Enda Alhamisi jioni, simama karibu na msee wa smokie, uone watu wanaelekea wapi. Ikifika saa moja na kila mtu ashadandia mathree ya kwao, rudi kwa portal ubadilishe kabla revision ifungwe.