Usiku Mama Alipoanza Kuamka

Usiku wa tatu tulimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, barakoa mkononi, na mashine juu ya meza ndogo ikipuliza hewa ovyo chumbani. Ilikuwa saa nane. Nje, Kawangware ilikuwa imetulia isipokuwa mbwa waliokuwa wakibweka na pikipiki moja iliyokuwa ikielekea kituo cha 46. "Wanangu," akasema, "kabla ya dude hili nilikuwa nikilala. Leo nimeamka mara sita, na alfajiri ingali mbali. Lirudisheni sandukuni, nami nirudisheni kwangu Mombasa. Huko hewa ni ya bure."

Tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jawabu. Tumelipata baadaye, na tunaliandika hapa kwa ajili ya nyumba nyingine ambazo usiku huu zina mashine kama ile, au zina mtu anayekoroma na hakuna aliyemuuliza habari.

Kukoroma tulikokudhania usingizi mzuri

Mama amekoroma tangu sisi wanawe tu watoto katika Mji wa Kale. Tulihesabu kuwa huo ni usingizi mzito wa mtu aliyechoka kwa kazi ya halali. Alipofikia umri wa kukoma hedhi, mengine yakaongezeka: kichwa kumuuma kila asubuhi, kwenda msalani mara tatu usiku, na shinikizo la damu lililokataa kutulia kwa dawa. Mara kadhaa aligutuka akitweta, akasema amekabwa na jinamizi. Tulimsomea, tukampa maji, akalala tena.

Kilichomuuma zaidi ni kusinzia mchana. Siku moja, alipokuja kututembelea Nairobi, tuliingia naye Msikiti wa Jamia katikati ya jiji kusubiri sala ya adhuhuri. Alilala fofofo ameegemea ukuta upande wa wanawake, akaamshwa na iqama. Ikambidi atoke kwenda kutawadha upya huku safu zikipangwa. Hakusema neno, lakini mchana ule hakula.

Hapo ndipo tulipompeleka kwa daktari. Alimpa kifaa cha kulala nacho usiku mmoja nyumbani: mkanda wa kifuani, mrija mwembamba wa puani, na kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu. Majibu yalipotoka, tukalijua jina la maradhi: apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi mtu alalapo. Misuli ya koo hulegea usingizini, njia ya hewa ikajifunga, na oksijeni ikashuka. Ubongo hushtuka, ukamwamsha mtu kwa sekunde chache tu ili koo lifunguke, kisha akazama tena asikumbuke lolote.

Mkatiko wa pumzi huhesabiwa ukidumu sekunde 10 au zaidi. Wanaopatwa na mikatiko, au pumzi kupungua sana, mara 5 hadi 14 kwa saa huwa katika kiwango chepesi. 15 hadi 29, kiwango cha kati. 30 na kuendelea, kiwango kikali. Mama alikuwa amepita 30. Hata safari zake za msalani zilikuwa na maelezo: moyo unaohangaika kwa pumzi iliyozibwa hutoa homoni inayoziamuru figo zitengeneze mkojo zaidi. Sisi tulikuwa tumekwisha kumhukumia kisukari.

Wala hayuko peke yake. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba watu wapatao milioni 936 wa umri wa miaka 30 hadi 69 duniani wana maradhi haya, kwa kiwango hafifu au kikali. Wanawake hucheleweshwa kugunduliwa, kwani wengi wao huja na malalamiko ya uchovu, kukosa usingizi na kuumwa na kichwa, wakaambiwa wapumzike.

Hesabu tuliyoikosea

Dawa aliyopewa ni mashine ijulikanayo kwa herufi zake nne, CPAP. Kazi yake ni kusukuma hewa ya chumbani kupitia mpira hadi kwenye barakoa, kwa nguvu ndogo ya kutosha kulizuia koo lisijifunge. Njia hii ilitangazwa mwaka 1981 na Dakta Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia. Kabla ya hapo, aliyezidiwa alitobolewa koo ili apitishe pumzi chini ya mahali panapoziba.

Mama hakuvutiwa na historia hiyo. Yeye alijua kwamba kabla ya mashine alilala, na baada yake haukuwepo usingizi. Tulimsihi avumilie mpaka siku ya kumrudia daktari, wiki mbili baadaye. Alikubali kwa shingo upande.

Daktari alichomoa kikadi kidogo ndani ya mashine, akakisoma kwenye kompyuta yake. Kisha akamwuliza mama, kwa adabu, kama anajua hesabu. Mama akajibu kuwa ameuza viungo sokoni miaka ishirini. "Basi, mama," akasema daktari, "pumzi yako ilikuwa ikikatika zaidi ya mara 30 kwa saa. Ukilala saa saba, ni mara ngapi?"

"Mia mbili na kumi," mama akajibu papo hapo.

"Na karibu kila mara ubongo wako ulizinduka. Ulikuwa ukiamka zaidi ya mara mia mbili usijue. Sasa unaamka mara sita, na kila moja unaijua."

Mama aliinamisha kichwa, akaukunja na kuukunjua ukingo wa buibui lake. Kwenye saa alizovaa barakoa, mikatiko ilikuwa imeshuka chini ya 5. Tatizo ni kwamba saa hizo zilikuwa tatu au nne tu. Usiku uliosalia alikuwa ameivua, mara nyingine akiwa usingizini.

Kila kuamka na sababu yake

Tangu siku ile hatukusema tena kwamba mashine inamwamsha mama. Tuliweka daftari kando ya kitanda, tukawa tunaandika kila kilichomwamsha. Sababu zilijitokeza moja baada ya nyingine, na nyingi zilitibika nyumbani.

Ya kwanza ilikuwa hewa kuvuja na kumpuliza machoni. Mama hupaka mafuta usoni kabla ya kulala, na barakoa haishiki juu ya mafuta. Sasa huosha uso anapotawadha kwa ajili ya isha, akaukausha vizuri, na mafuta akayaacha mpaka asubuhi. Ushungi wake wa hariri nao uliifanya mikanda iteleze. Akaubadilisha kwa wa pamba. Mikanda yenyewe tulijifunza kuikaza akiwa amelala na hewa inapuliza, kwa sababu uso wa mtu aliyelala haukai kama wa aliyeketi.

Ya pili ilikuwa kinywa kukauka kama aliyefunga siku nzima. Barakoa yake ya mwanzo ilifunika pua tu, na mdomo ulipofunguka usingizini hewa ikatokea huko. Alibadilishiwa ifunikayo pua na mdomo. Chombo cha maji cha mashine, kinachoitia hewa unyevu, tulikiwasha, nacho hutiwa maji yaliyosafishwa ya duka la dawa. Si yale ya betri yauzwayo vituo vya petroli.

Ya tatu ilitushangaza sisi watu wa pwani. Ilikuwa Julai, na baridi ya Nairobi iliyageuza mvuke kuwa matone ndani ya mpira. Maji yalikoroga, yakamrukia puani. Mama mwenyewe ndiye aliyepata dawa: aliuzungushia mpira leso yake kuukuu mwanzo hadi mwisho, ukapata joto. Sisi tukaishusha mashine chini ya usawa wa kitanda, maji yakirudi yarudi yalikotoka.

Ya nne ni nguvu ya hewa. Akizinduka usiku, pumzi ile humjia kama upepo wa bahari mdomoni. Mashine yake ina kitufe kinachoirudisha hewa chini, kisha ikapanda polepole. Alipokijua, hakuwa na haja ya kuivua. Kiwango chenyewe cha hewa hatukukigusa; hicho ni cha daktari.

Ya tano ilikuwa udi. Chumba chetu hufukizwa jioni, kama vyumba vingi vya wasomaji wetu, na mashine huvuta hewa iliyomo chumbani. Tulipolitazama chujio lake, lilikuwa na rangi ya chai. Sasa tunafukiza sebuleni, mchana, na chumba cha mama tunakiachia hewa. Wala hatutii manukato yoyote katika maji ya mashine.

Ya sita ni umeme. Usiku mmoja ulikatika, mama akaamka na hofu kwamba atakosa pumzi. Barakoa yake ina kilango kinachofunguka chenyewe mashine inapozima, ili mtu avute hewa ya chumbani. Tulimwonyesha mchana, tukaizima mbele yake mara tatu mpaka akaamini kwa pua yake.

Ama hofu ya kufunikwa uso, hiyo ilitibiwa kwa mazoea. Kila alasiri aliivaa barakoa robo saa akiwa macho, akivuta tasbihi. Wajukuu walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wakimkumbusha.

Theluthi ya mwisho ya usiku

Lilibaki jambo moja. Mama ni mtu wa tahajudi. Alikuwa akiivua barakoa saa tisa, akasali, kisha akajilaza bila kuivaa mpaka adhana ya alfajiri. Kwa maoni yake, usiku ulikuwa umekwisha.

Daktari alieleza kuwa usingizi wa ndoto hukusanyika zaidi saa za mwisho za usiku, na ndio unaolegeza misuli kuliko mwingine. Kwa wagonjwa wengi, pumzi hukatika mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi wakati huo huo. Yaani mama alikuwa akiuacha mlango wazi saa ambayo mwizi huja.

Hatukumwambia aache tahajudi, wala daktari hakumwambia. Tulikumbushana yale ambayo Mtume (s.a.w.) alimfunza Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha: kwamba mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Mama akapanga ratiba yake. Anapomaliza witri, anakausha uso, anavaa barakoa, ndipo anajilaza. Mwezi wa Ramadhani atafanya vivyo hivyo kwa usingizi wa kabla ya daku na wa baada ya alfajiri, na hata ule wa mchana, kwani koo halijui saa.

Wakati wa kumrudia daktari

Kuamka kwa wiki za mwanzo ni jambo la kawaida, lakini si kila kitu ni cha kuvumiliwa. Mtu akivaa mashine usiku kucha kwa wiki kadhaa na bado anasinzia mchana, au anaamka akikabwa, au tumbo linamjaa hewa likamuuma, au pua inatoka damu, arudi kwa aliyemwandikia. Wako wachache ambao, baada ya kuanza mashine, hupata mikatiko ya aina nyingine itokayo ubongoni. Mara nyingi hupungua yenyewe, ila inataka jicho la daktari. Tusiazimane mashine wala barakoa kwa huruma: kiwango cha mmoja si cha mwingine. Na anayesinzia mchana asiendeshe gari.

Zaidi ya yote, asiachwe peke yake na usiku wake. Mama alikuwa amekwisha kuifunga safari ya Mombasa, na lau tungemwitikia usiku ule, mashine ingekuwa sandukuni, naye angeendelea kukatika pumzi huku tukisema amelala vizuri.

Leo bado huamka mara moja au mbili. Hutazama saa, hubonyeza kitufe, hulala. Safari za msalani zimepungua, na shinikizo la damu limeanza kuitikia dawa. Juzi tulipita tena Msikiti wa Jamia kabla ya adhuhuri. Alikaa macho mpaka iqama, akasimama safu ya mbele, udhu wake ungali naye.

Usiku huu, wasomaji wetu, msikilizeni anayekoroma nyumbani mwenu. Mkiisikia pumzi inanyamaza kisha inarudi kwa mshtuko, msicheke wala msimwonee haya. Hesabuni sekunde, na asubuhi mwambieni. Mwenyezi Mungu awape shifa wagonjwa wetu, na usingizi wenye utulivu.