Kabla Hujampa Mgongo, Ulizia Leseni

Ukipita Umoja, Kayole au Buruburu hukosi kuona kibao cha kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Siku mwenyewe akienda mkutano wa chama chao, pengine mlango hufungwa, na kodi ya nyumba haimngojei. Uongozi wenyewe ni wa kujitolea. Basi anafuata nini huko? Sheria na malipo ya bima hujadiliwa mezani, na mwenye kliniki aliye peke yake hana kiti.

Sheria ya 2014 ndiyo iliyounda Baraza la kusajili wataalamu hawa na kuwapa leseni. Kwa hivyo nyanya akipooza upande mmoja, usimkabidhi mkandaji yeyote mwenye kitanda na mafuta. Omba leseni uione. Akikasirika, mwinue nyanya mwende zenu.