Zijue Herufi za Chapa (3): Neno ‘gazeti’ Latosha

Wiki iliyopita tulieleza serifi, yaani vile vikia vidogo vinavyokaa kwenye ncha za herufi. Leo tuingie kazini. Umewekewa fonti tatu zenye serifi, zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Utajuaje ipi ni ipi?

Wanaojifunza kwa Kiingereza mara nyingi huambiwa watazame mkia wa Q. Kwetu ushauri huo hausaidii, maana Kiswahili hakina Q. Ukiacha majina ya kigeni, waweza kumaliza kitabu kizima usikutane nayo. Tafuta neno ‘gazeti’, ulikaribie kwa kioo cha kukuzia.

Anza na g. Katika Baskerville, fonti iliyozaliwa Birmingham, Uingereza, miaka ya 1750, kitanzi cha chini cha g hakifungi: ncha yake inaishia hewani kabla ya kuungana. Kwangu mimi hakuna g nzuri kuliko hiyo. Ukiiona, umekwisha kuijua fonti. Kitanzi kikiwa kimefunga, sogea kwenye a na e. Katika Garamond tumbo la a ni dogo, na jicho la e limebanwa huko juu. Katika Times New Roman tumbo na jicho vimepanuka, ila herufi zimesogeleana, kwa kuwa zilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuzitumia mwaka 1932, na nafasi gazetini ni mali.

Georgia, aliyoichora Matthew Carter katika miaka ya 1990 kwa ajili ya skrini za kompyuta, hutambulika kwa tarakimu. Andika 1964: 1 ni fupi, 9 na 4 zinashuka chini ya mstari, 6 inapanda. Katika Times New Roman zote nne zina kimo kimoja.

Lakini usiamini jina kabla ya kutazama umbo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba herufi fulani zilizotunzwa katika kiwanda cha chapa cha serikali ya Ufaransa, mjini Paris, ni kazi ya Claude Garamond, aliyefariki mwaka 1561. Mwaka 1926 Beatrice Warde, akiandika kwa jina la kiume la Paul Beaujon, alionyesha kwamba mchongaji wake ni Jean Jannon, aliyezaliwa mwaka 1580. Ushahidi ulikuwa kitabu cha vielelezo alichochapa Jannon mwenyewe mwaka 1621. Hata hivyo jina halikubadilishwa: Garamond inayokuja na Microsoft Office imefuata herufi za Jannon.

Wiki ijayo tutatazama herufi za mlazo.