Chujio Haliongezi Wekundu

Swali limekuja tena, safari hii kutoka kwa fundi cherehani wa Sparkbrook, hapa Birmingham: "Kaka, balbu za siku hizi zinaniharibia rangi. Hii LED niipake nini iwe kama zile za zamani?" Kabla yake aliniuliza mpambaji maharusi wa Small Heath, na kabla ya huyo mwenye mgahawa wa Stratford Road ambaye nyama yake, hata ikitoka buchani asubuhi hiyo, kaunta inaionyesha kama imelala siku tatu. Wengine hawangoji jibu. Wameshapaka rangi ya kucha, wameshaivisha balbu karatasi ya manjano ya kufungia zawadi, na video ya kufundisha wenzao wameshaisambaza. Jibu langu halijabadilika: hakuna cha kupaka.

Malalamiko yenyewe ni ya haki. Desemba, jua la Birmingham huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo kazi nyingi hufanyika kwa taa. Na tangu 2018, Uingereza ilipoanza kuziondoa sokoni balbu za halojeni, wengi wamebaki na LED ya bei poa. Kitenge cha damu ya mzee kinaonekana cheusi, uzi mwekundu unafanana na wa kahawia, na bibi harusi mwenye ngozi nyeusi anatoka kwenye picha na uso wa kijivu kana kwamba ameamka na homa. Macho yenu hayana kasoro. Mwanga ndio wenye kasoro.

LED nyeupe ya kawaida haizai weupe. Chipu hutoa buluu, karibu nanomita 450, na juu yake kuna unga unaokula sehemu ya buluu hiyo na kutoa manjano. Vikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Wekundu mzito, wa nanomita 630 na zaidi, unabaki haba. Kiwanda kinajua. Unga wa kutoa wekundu ni ghali, na jicho huupokea mwanga huo kwa unyonge, kwa hiyo kila ukiongezwa, lumeni kwa wati zinashuka na balbu inaonekana hafifu kwenye boksi.

Sasa tuje kwenye karatasi yenu. Kitambaa chekundu ni chekundu kwa sababu kinarudisha mwanga mwekundu uliokiangukia. Usipoanguka, hakina cha kurudisha. Karatasi ya manjano inazuia buluu. Nyekundu inazuia buluu na kijani. Hakuna hata moja inayotengeneza mwanga. Ukilichuja tui jepesi mara kumi, haligeuki kuwa tui zito. Kinachotokea ni kwamba chumba kinapata sura ya jioni, kila mtu anasema "afadhali", halafu unaleta kile kitenge na bado ni cheusi. Isitoshe, buluu nayo sasa imekufa, na mwanga uliolipia umeishia kwenye karatasi. Ukitumia karatasi nyekundu ni balaa zaidi: shuka jeupe na shuka jekundu yanakaribia kufanana. Kama hiyo ndiyo rangi nzuri, zima taa kabisa.

"Mbona watu wa sinema wanatumia machujio?" Wanatumia, tena yaliyopimwa, kupunguza ukijani uliozidi kwenye taa ambayo wekundu tayari inao, na wanajua wanalipia kwa kupoteza mwanga. Karatasi ya zawadi haikupimwa na mtu.

Rangi ya kucha ni mbaya kuliko karatasi. Anayefungua kifuniko na kuipaka juu ya chipu anafungia mvuke wa kemikali ndani. Mvuke huo hupenya silikoni inayofunika chipu na, kwa joto na buluu kali, silikoni inaweza kuwa nyeusi. Na kifuniko hicho hakikuwekwa kwa urembo. Katika balbu nyingi za bei poa, saketi haikutenganishwa na umeme wa ukutani: kibao chenye chipu kinabeba volti za hatari. Kuna pia ujanja wa kukata kizuizi (resista) kimoja ndani ya balbu ili mkondo upungue. Kweli, balbu hupoa na kudumu. Rangi haibadiliki hata chembe.

Wala msiniambie "nilinunua ya joto". Kelvini hueleza kama weupe unaelekea manjano au buluu. Haisemi ndani yake kuna nini. Hata CRI 80 iliyoandikwa kwenye boksi, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi, ni wastani wa rangi nane zilizopauka. Nyekundu kali, iitwayo R9, haimo katika wastani huo. Ndiyo maana balbu hufaulu kwa 80 huku R9 yake ikikaribia sifuri. Masonara wa mtaa wa Jewellery Quarter hawawezi kulipuuza hili: tanzanite ya Mererani huelekea buluu kwenye mwanga wa mchana na zambarau kwenye taa yenye wekundu mwingi. Anayeiuza chini ya taa mbovu anatafuta ugomvi na mteja.

Basi, fanyeni hivi. Nunueni balbu yenye CRI 95 na R9 isiyopungua 50. Kwa cherehani na vipodozi, R9 iwe 80 au zaidi. Namba 927 kwenye boksi maana yake CRI ya 90 kwenda juu na kelvini 2700, nzuri sebuleni; mezani pa kazi chukueni kelvini 4000 hadi 5000. Angalieni kitako: nyumba nyingi za hapa hutumia cha pini. Mnaotaka kuunda wenyewe, tumieni utepe wa LED wa volti 24 wenye CRI 95, ubandikwe kwenye reli ya alumini ili upoe, pamoja na pawasaplai iliyofungwa kiwandani na plagi yenye fyuzi ya ampea 3. Nyaya za mwenye nyumba msiziguse. Wenye chipu moja kubwa, tafuteni draiva ya mkondo usiobadilika inayolingana na volti zake, na bamba nene la kupozea. Mkitaka kuirekebisha taa mliyonayo, pangeni kando yake LED chache nyekundu za nanomita 630 hadi 660, zenye pawasaplai yake na swichi ya kupunguza mwanga. Huko ndiko kuongeza wekundu kwa kweli.

Mkifika dukani, ulizeni R9 kabla ya bei. Muuzaji akikosa jibu na boksi likakosa namba, rudisheni balbu rafuni.